Vibati Viwili vya Mokaya Nyaberi

Bwana Mokaya Nyaberi, dresa, yaani mfunga vidonda, wa zahanati ya Shamba la Chai la Kimoriot, anastaafu siku ya Ijumaa, tarehe 30 Juni 1939, baada ya kufanya kazi hapa miaka ishirini na miezi mitatu. Kamati ya sherehe imeniomba niandike wasifu wake kwa sababu nilikuwa mkubwa wake katika zahanati tangu ilipofunguliwa mpaka nilipoacha kazi miaka miwili iliyopita. Kamati haikujua inamwomba nani. Cheti cha kazi atakachokabidhiwa siku hiyo kina neno moja baya, lililoandikwa Septemba 1931. Neno lenyewe ni uzembe. Ni la uongo, nami nimejua hivyo tangu siku lilipoandikwa, kwa sababu lilitoka kinywani mwangu. Naomba lifutwe kabla hajapewa cheti hicho, na ili lifutwe sina budi kueleza lilivyoingia.

Sitaweza kuja ukumbini. Miguu hainibebi tena, na daktari ameacha kuniambia nirudi lini. Jerusa, mke wa mwanangu, ambaye ni mwalimu, atasoma karatasi hii kwa niaba yangu. Nimemwomba asome yote, hata watu wakianza kunong'ona.

Mokaya alizaliwa katika milima ya Kisii, kwenye boma la wafuga mbuzi na wakulima wa wimbi. Mwaka 1917 alichukuliwa kubeba mizigo ya jeshi, kama nilivyochukuliwa mimi kutoka upande wa ziwa. Tulikutana Dodoma katika hospitali ya wapagazi. Yeye alikuwa mgonjwa wa kuhara damu na mimi nilikuwa msaidizi, kwa kuwa wamisheni walikuwa wamenifundisha kusoma na kuandika. Alipopata nafuu hakutaka kurudishwa kwenye mizigo. Alianza kumwaga vyungu vya haja vya wagonjwa wengine bila kuagizwa, na kila mara ofisa alipopita alimkuta ana chungu mkononi. Mpaka vita vinakwisha alikuwa bado anamwaga vyungu, na alikuwa amejifunza kufunga kidonda vizuri kuliko mimi.

Machi 1919 tuliandikwa kazi hapa katika wiki ileile moja. Wakati huo hapakuwa na chai. Palikuwa na kitani, na zahanati ilikuwa ghala la mbegu za kitani lenye paa la nyasi. Dawa zetu zilikuwa kwinini, chumvi ya kuharisha, na chupa moja ya iodini ambayo Mokaya aliitunza kama mtu anavyotunza moto usizimike. Kitani kilishindwa. Mwaka 1925 miche ya chai ilikuja katika vikapu, watu wakaongezeka kutoka mia moja hadi elfu moja na zaidi, na sisi tukabaki wawili.

Wengi wanajua jinsi tulivyogawana wiki. Yeye ni Msabato na mimi ni mtu wa Jumapili. Jumamosi nilishika zahanati peke yangu, Jumapili akaishika yeye. Kwa miaka kumi na minane mlango ule haukufungwa hata siku moja. Ijumaa jioni alikuwa ananikabidhi ufunguo huku akiangalia jua, na akichelewa nilikuwa nikimwambia, "Kimbia wewe mtu wa ndizi, jua halikungoji." Naye alikuwa akijibu, "Mungu wangu anajua saa, mzee. Ni wako wa samaki anayelala mpaka Jumapili." Ndiyo sababu sherehe hii imepangwa kuanza saa saba mchana. Iishe mapema, tafadhali, mtu wetu afike kwake kabla jua halijazama.

Watoto wa laini zote za nyumba za wafanyakazi wanamjua kwa funza. Alikuwa na sindano, mafuta ya taa, na mchezo wake. Kila funza alimpa jina la nyapara. "Huyu mnene ni nani?" aliuliza. Mtoto, machozi yakiwa bado mashavuni, alipiga kelele, "Ni nyapara Gekara!" "Basi tumtoe Gekara nyumbani kwa watu." Gekara mwenyewe alisikia habari hiyo akaja kulalamika, akiwa ameshika mguu wake mmoja. Mokaya alimkalisha, akamtoa funza watatu, na akakataa kumwambia amewapa majina gani.

Kuna pia habari ya mbuzi aliyekula bandeji. Mbuzi huyo alikuwa wa Gekara huyohuyo. Aliingia zahanati akameza nusu ya bandeji mpya, na Mokaya akaivuta taratibu kutoka mdomoni kama mtu anayevuta kamba ya kisima. Aliifua, akaichemsha mara mbili, akaianika. Wiki iliyofuata Gekara alijikata na kisu cha kupogolea chai, akafungwa kwa bandeji ileile, na hajaambiwa mpaka leo.

Sasa nieleze habari ya vibati.

Mwaka 1927 wagonjwa wa asubuhi walikuwa wamefika mia na zaidi, na Bwana Meneja alisema nusu yao ni wavivu. Mimi ndiye niliyebuni dawa ya jambo hilo. Nilikata madebe ya mafuta ya taa nikapata vibati vidogo, nikachora juu yake kwa msumari: mguu, tumbo, kifua, kichwa, jicho. Kila mgonjwa alipewa kimoja, akakivaa shingoni kwa uzi, akaingia katika mstari wake. Mstari wa mguu ulikuwa karibu na dirisha, wa tumbo karibu na mlango wa nyuma. Sheria ilikuwa mtu mmoja, kibati kimoja. Aliyesema anaumwa mahali pawili tulimhesabu mwongo na kumrudisha shambani. Bwana Meneja alifurahi, mistari ikafupika, na mimi nikapewa koti.

Watu walijifunza upesi. Mwenye homa na kuhara alitaja homa peke yake. Mwanamke mwenye kifua na jipu aliamua njiani ni lipi la kusema. Mokaya hakuipenda sheria ile, na aliniambia waziwazi. "Mwili ni moja, mzee. Wewe unaikata kama nyama ya sokoni." Nilimwambia aniletee sheria bora.

Julai 1931 alikuja mtu anayeitwa Ratemo, mpogoaji wa chai katika sehemu ya tatu, Mkisii kama Mokaya. Alikuwa na umri wa miaka thelathini na mitano hivi. Alipewa kibati cha mguu. Kwenye miundi yote miwili na kuzunguka vifundo alikuwa na vinundu chini ya ngozi, vingine kama harage, vingine kama limau dogo, vyeusi kuliko ngozi yake, vya moto, vyenye kuuma hata nguo ikigusa. Baada ya siku chache baadhi vililainika vikapasuka. Kisha vifundo vya miguu vilivimba, halafu magoti, halafu vidole vya mkono wa kulia, akawa hawezi kukunja kiganja kushika kisu.

Nilisema ni buba, ule ugonjwa wa vidonda vya ngozi ambao wakati ule ulikuwa umejaa katika laini. Mokaya alikuwa anaosha vidonda vile kila asubuhi, na siku ya nne aliniita.

"Mzee Ogola, kuja uone. Hii si usaha."

"Ni nini basi?"

"Ni mafuta. Angalia karatasi."

Alikuwa amepangusa kidonda kwa kipande cha karatasi ya kufungia dawa. Mahali palipogusa kidonda palikuwa pamekuwa angavu, mwanga wa dirisha ukipita, kama karatasi iliyofungiwa nyama nono. Usaha haufanyi hivyo. Wenye kazi hii wanajua.

"Nyinyi Wakisii mnajipaka mafuta kila mahali," nilimwambia.

"Huyu amejipaka kwa ndani?"

Waliokuwa kwenye mstari walicheka, nami nikacheka. Mokaya hakucheka. Alianza kumwuliza Ratemo kwa lugha yao, na kwa lugha hiyo Ratemo alisema alilokuwa hajalisema dirishani. Tumbo lilikuwa linamwuma tangu Mei, juu ya kitovu, maumivu yakitoboa mpaka mgongoni. Usingizi aliupata akiwa ameketi, amejiinamia magotini. Chakula kilimtapisha. Hakutaja tumbo kwa sababu miguu ilionekana na tumbo halikuonekana, na alijua ukitaja viwili unarudishwa.

Mke wake, Nyanchoka, aliyekuwa mchuma chai, ndiye aliyeongeza la muhimu zaidi. Alikuwa anakumbuka kwa siku za soko. Tumbo lilimkaza siku ya soko la Sosiot, na siku mbili baadaye vinundu vipya vikatoka. Lilimkaza tena siku ya soko la Kapsoit, vikatoka vingine. Mokaya alimwomba aendelee kuangalia, na kwa wiki tatu ikawa hivyohivyo bila kukosea. Tumbo kwanza, miguu baadaye.

Mokaya alikuja ofisini kwangu akiwa na karatasi zake zenye madoa ya mafuta, amezipanga kwa tarehe. Alisema, "Hii ugonjwa inakaa tumbo. Miguu inaletewa tu." Mtu ambaye hakuwahi kukaa darasani siku moja aliliona hilo kwa macho, karatasi, na subira. Kama sherehe hii inataka kutaja jambo moja kubwa alilofanya Mokaya Nyaberi katika miaka ishirini, nalitaja hapa. Mimi niliyesoma nilikuwa nimekaa mezani na vinundu vile sikuvigusa kwa mkono wangu.

Daktari alikuwa anatutembelea kila Alhamisi ya pili. Alhamisi tarehe 13 Agosti 1931, asubuhi, Mokaya alimvalisha Ratemo vibati viwili kwenye uzi mmoja, cha mguu na cha tumbo. Alijua anavunja sheria. Aliniambia mbele ya watu, "Leo huyu ana viwili, mzee. Ukitaka uniadhibu mimi, lakini daktari aone vyote." Kisha akaitwa sehemu ya tano kwa mwanamke aliyekuwa amekwama katika uchungu wa kuzaa, akaenda. Mwanamke huyo na mtoto wake walipona. Wapo ukumbini leo, kama sikosei.

Ratemo alipofika mbele yangu nilimwambia achague kibati kimoja. Alipofika mbele ya daktari alikuwa na cha mguu. Daktari aliangalia miundi, akaangalia magoti, akasema ni buba ya muda mrefu, akampiga sindano. Alimwandikia kazi nyepesi. Kazi nyepesi wakati ule ilikuwa kubeba matawi yaliyopogolewa mpaka kwenye shimo. Ratemo alibeba matawi kwa magoti yale siku kumi. Siku ya kumi na moja hakuamka kwenda kazini, na Jumanne tarehe 25 alikufa, amejiinamia, kichwa kikiwa kwenye mapaja ya Nyanchoka.

Daktari hakuelewa mtu wa buba amekufaje hivyo, akaomba kumpasua. Mimi nilishika beseni. Nyuma ya tumbo kuna kiungo kinachoitwa kongosho, na maji yake ndiyo yanayoyeyusha chakula tunachokula. Kongosho la Ratemo lilikuwa limeoza na kuwa jeusi. Mafuta ya tumboni yote yalikuwa na madoa meupe, kama mtu amedondosha nta ya mshumaa. Daktari alipasua kinundu kimoja cha mguu akakuta kitu kilekile. Alinieleza kwamba maji ya kongosho yakivuja huingia katika damu, na yanakopita yanayeyusha mafuta ya mwili wenyewe, chini ya ngozi na ndani ya magoti. Ndiyo yale mafuta ya kwenye karatasi. Daktari alinawa mikono muda mrefu. Kisha akauliza, "Huyu mtu hakusema tumbo linamwuma?"

Nikajibu kwamba hakusema.

Nilimwuliza kama Ratemo angepona iwapo yeye daktari angejua habari ya tumbo. Alisema labda asingepona, wengi hawaponi. Lakini asingempiga sindano, na asingempeleka kubeba matawi. Angemchukua kwa gari lake siku hiyohiyo, alazwe, asilishwe kitu, apewe dawa ya kuondoa maumivu. Nimejaribu miaka minane kuishi ndani ya lile neno labda. Ni chumba kidogo sana. Hata Ratemo angekufa, angekufa kitandani bila maumivu, bila kupandishwa kilima mara arobaini na mzigo mgongoni.

Palikuwa na baraza ofisini kwa Bwana Meneja. Nyanchoka alisema mumewe alitoka kwa Mokaya na vibati viwili, alivihesabu kwa macho yake. Bwana Meneja alisema mwanamke na dresa ni watu wa kabila moja, wanasaidiana. Aligeuka akaniuliza mimi, mzee wa kanisa, mwenye koti. Nilisema nilimwona Ratemo na kibati kimoja tu, cha mguu. Nyanchoka aliniangalia.

Mokaya alikuwa anangoja nje, karibu na kamba ya kuanikia bandeji. Nilimwendea kabla hajaitwa. Haya ndiyo niliyomwambia, na nimeyaandika kama yalivyokuwa. "Mokaya, Ratemo mwenyewe alichagua mguu. Nikisema vibati vilikuwa viwili, watakufukuza leo kwa kuvunja sheria. Acha waandike kwamba ulisahau cha tumbo. Utabaki na kazi."

Aliigeukia kamba ya bandeji. Kisha aliuliza, "Alichagua mguu? Kweli, mzee? Nilimweleza kwa lugha yetu, mara mbili."

"Kweli."

"Basi hakunielewa," alisema. "Ni mimi sikueleza vizuri." Akafuta macho kwa kona ya bandeji iliyokuwa inaning'inia, akanishika mkono kwa mikono yake miwili. "Asante, mzee. Umeniokoa."

Alinishukuru. Aliingia ofisini akasema alisahau, na neno uzembe likaandikwa katika cheti chake. Aliondolewa kwenye wagonjwa, ila Jumapili ambapo hapakuwa na mwingine. Kwa miaka mitatu alifua bandeji, akachemsha vyombo, akafagia, na mimi nikaendelea kumwita mtu wa ndizi kila Ijumaa jioni, naye akaendelea kunipa ufunguo. Vibati nilivitupa mwenyewe katika shimo la choo Oktoba mwaka ule, nikatangaza kwamba mistari imefutwa. Watu walinisifu kwa hilo pia.

Mwaka 1934 surua iliingia katika laini na hapakuwa na wa kutosha kuwauguza watoto. Mokaya aliitwa kutoka kwenye beseni la bandeji. Alihamia katika nyumba ya shule iliyogeuzwa wodi, akakaa humo siku thelathini na saba. Mke wake, Yunia, alikuwa anamwachia chakula mlangoni kwenye sufuria na kumtania kwa sauti kutoka nje, "Wewe baba, bado unanikumbuka sura?" Watoto tisini na wanne waliugua. Tuliwazika wawili. Baada ya hapo hakuna aliyethubutu kumrudisha kwenye kufua, ila cheti hakikuguswa.

Vijana wa siku hizi wanamwita Mokaya Rudia, na wanapenda kumwigiza. Akikupa dawa anakueleza, kisha anasema, "Rudia." Unarudia. "Rudia tena." Unarudia tena, na mara ya tatu, hata kama ni chumvi ya kuharisha. Nimesikia mchezo huo umetayarishwa kuchezwa kwenye sherehe. Uchezeni, ni wa kufurahisha, na yeye mwenyewe hucheka. Lakini mjue ulikotoka. Mtu huyu amewafanya maelfu ya watu warudie maneno yake kwa sababu anaamini kwamba mwaka 1931 alieleza jambo mara mbili tu, na mtu akafa kwa kutokumwelewa.

Nyanchoka aliondoka hapa mwaka uleule, akaolewa na ndugu wa marehemu kama desturi yao, wakahamia Ndanai. Nilimkuta sokoni huko mwaka juzi, anauza viazi vitamu. Alinitambua kabla sijajitambulisha. Niliuliza habari za nyumbani kwake, akajibu kwa adabu. Kisha akasema, akipanga viazi vyake na bila kuniangalia, "Mzee, mimi marehemu nimemkasirikia mpaka leo. Usiku ule nilimwambia, ukiambiwa uchague, sema tumbo. Nilimwambia. Akaenda akasema mguu. Alitaka nini na hiyo mguu?" Nilinunua viazi ambavyo sikuvihitaji, nikaondoka. Nimemtumia ujumbe kupitia mwanangu, aje kwenye sherehe hii. Sijui kama atakuja. Kama amekuja, atakuwa amekaa karibu na mlango.

Namshukuru Mokaya Nyaberi kwa niaba ya zahanati, ya sehemu zote tano za shamba, na ya watoto tisini na wawili wa mwaka ule wa surua, ambao sasa wengine wanachuma chai. Tunamtakia yeye na Mama Yunia nyumba isiyovuja, mbuzi wasiokula bandeji, na kila Sabato tulivu ambayo hakuna mtu atakayemgongea mlango kuomba dawa. Kama wakimgongea, najua atafungua. Siombi anisamehe. Amewahi kunishukuru, na hilo linanitosha mpaka kaburini. Nawaomba Bwana Meneja na kamati wafute neno lile mbele ya watu, na kwa kalamu, siyo kwa ahadi.

Limebaki jambo moja, na bila hilo yote niliyoandika bado yanamfunika mtu. Jerusa, lisome polepole.

Wiki ile daktari alikuwa ameniagiza nimtayarishie watu ishirini wa buba. Alikuwa amepata dawa mpya ya sindano, ya watu ishirini kamili, na nilikuwa nimemjibu kwa barua kwamba ishirini watakuwepo. Asubuhi ya Alhamisi mstari wa mguu ulikuwa na watu kumi na tisa. Niliwahesabu mara mbili. Ratemo akaja mbele yangu na vibati vyake viwili, nami nikamwambia, "Chagua moja. Sheria ni sheria."

Hakufikiri hata kidogo. Alisema, "Mguu nitavumilia, mzee." Kwa vidole vile vilivyovimba alihangaika na uzi mpaka akakifungua kibati cha mguu, akaniwekea kiganjani, akaanza kutembea kuelekea mlango wa nyuma, kwenye mstari wa watu wa tumbo. Nilimwita arudi. Nilimvua kile alichobaki nacho nikamvalisha kile alichonipa. Akasema, "Lakini nimechagua." Nikamwonyesha dirisha, kwenye mstari wa mguu.

Mokaya, alikuelewa. Nyanchoka, alikusikia. Ratemo alichagua tumbo.